Honi ya Safu ya Saba

Wiki tatu nzima Vonnie Rasmussen hakuwa na pa kutulia. Akikaa mezani, goti linacheza. Akilala, anaamka kuhesabu nguzo kichwani. Mume wake, Trev, alishazoea kumkuta jikoni alfajiri na bisibisi mkononi, spika tatu zimepasuliwa matumbo juu ya gazeti, chai imepoa pembeni.

"Mama, hizo spika zitazaa humu ndani," Trev alimwambia asubuhi ile ya Jumamosi.

"Zinachanika, Trev. Kumi na moja wiki hii. Spika haichaniki yenyewe."

"Waambie wateja waache kuzibamiza."

"Nimeshawaambia!"

Na kweli alishawaambia. Hasa Kelvin Duffield, kijana wa kituo cha mafuta. Alimsimamisha mbele ya watu kwenye foleni ya mikate ya nyama, akamwambia yeye na wenzake ndio wanaozitwanga spika, na asikanyage tena pale. Kelvin aliapa kwa mama yake. Vonnie hakutaka kusikia.

Sinema aliyoifanyia kazi ilikuwa pembeni mwa mji wa Wirrandool, huko ndani Queensland: uwanja wa vumbi jekundu, safu kumi na mbili za nguzo, na ukuta mkubwa mweupe wa kuonyeshea picha, ambao mchana ulikuwa mali ya kasuku. Kila nguzo ilikuwa na spika mbili. Gari likishaegeshwa, mtu anachukua spika yake, anaitundika kwenye kioo cha dirisha, anatazama picha akiwa amejilaza kwenye kiti chake. Vonnie ndiye aliyekuwa fundi wa vyote hivyo: nyaya, spika, kikuza sauti, na zile projekta mbili zenye uzito wa ng'ombe. Alitengeneza mchana. Jioni mwenye sinema, Mzee Athol Lindeman, alisimama kwenye projekta, na Vonnie akarudi kwake. Miaka tisa waligawana kazi hivyo, bila ugomvi.

Kisha, baada ya mvua za Februari, watu wakaanza kulalamika kwamba sauti inapasuka. Vonnie alipima kikuza sauti mchana, akakikuta kizima kabisa. Hata hivyo akabadilisha valvu zake zote, zile taa ndogo za ndani. Alifukua waya wa safu ya tatu kwa sepetu, juani, mpaka mgongo ukambabuka. Alipuliza siafu nje ya spika moja moja. Aliwaandikia waliozitengeneza barua ya adabu iliyojaa matusi. Kila asubuhi akirudi, anakuta nyingine zimechanika.

Jumamosi hiyo akaamua kupima safu kwa safu. Alimwomba Mzee Athol aegeshe gari safu ya saba, atundike spika dirishani, na apige honi kila asikiapo mlio. Mzee akaenda na mke wake, Noreen, na chupa yao ya chai. Vonnie akabaki kwenye chumba cha projekta.

Akapeleka mlio. Kimya. Akaongeza. Sindano ya kipimo ikaruka, maana yake sauti imeondoka, imekwenda. Honi hakuna. Akaongeza tena.

"Shetani gani huyu?" akasema peke yake. "Waya umekatika?"

Sasa, spika ina tabia moja. Ukiipa umeme, inasema. Ukiigeuza, ukaiunga kwenye njia ya kuingilia ya kikuza sauti, inasikia. Vonnie aliung'oa waya wa safu ya saba, akauunga upande wa pili, akavaa visikilizio masikioni ili atafute mngurumo wa waya mbovu. Hakusikia mngurumo. Alimsikia Noreen, karibu kabisa, kama yuko naye chumbani.

"...imelia, Athol! Imelia mara tatu! Piga honi!"

"Imelia nini?"

"Mlio! Jamani, huu mlio umenitoboa kichwa na wewe umekaa tu!"

"Mimi sisikii kitu." Kisha sauti ya mzee ikashuka. "Noreen. Usimwambie Vonnie."

"Utamficha mpaka lini? Kila usiku unazungusha kile kifundo cha sauti mpaka mwisho, spika zinachanika. Watu wanaziba masikio ndani ya magari yao, Athol."

"Akijua, wote watajua. Na kaka yako, mwenye ardhi hii, atauuza uwanja kabla ya Pasaka. Wewe kaa na mkono wako kwenye honi. Ikilia, bonyeza."

Vonnie alivua visikilizio kana kwamba vinaunguza. Akaona haya, halafu akapandwa na hasira, halafu haya ikarudi. Akaurudisha waya mahali pake, akapeleka mlio. Papo hapo honi ikalia. Akachungulia kwenye kidirisha: mkono wa Noreen ulikuwa umepita mbele ya kifua cha mume wake, umekaa kwenye usukani. Akapima safu yote hadi mwisho, na honi haikukosa hata mara moja.

"Nzima!" mzee akapiga kelele alipopita na gari. "Nilikwambia nzima!"

"Nzima, mzee," Vonnie akajibu.

Hakuweza kukaa. Alifagia chumba ambacho hakikuwa na taka. Alisafisha lenzi mbili, akazisafisha tena. Mwishowe akaingia kwenye pikapu, akaenda kituo cha mafuta. Miguu ya Kelvin ilikuwa imetokeza chini ya lori.

"Kelvin, toka nikuone."

"Sijafanya kitu, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

Kelvin akajivuta nje, uso mweusi kwa oili. "Enhe! Kwa hiyo nani alikuwa anazichana?"

Vonnie alitazama barabara. "Nilikosea mimi kutafuta. Njoo leo, mlango uko wazi."

"Utanisamehe pia yale niliyokuita nyuma yako?"

"Uliniitaje?"

"Basi tu," Kelvin akasema, akarudi chini ya lori haraka.

Jua lilipokuwa linazama na magari yameanza kuingia, Vonnie hakwenda nyumbani. Alipanda chumba cha projekta. Mzee Athol alikuwa anafunga vijiti vipya vya kaboni kwenye taa ya projekta. Hakugeuka mpaka alipoguswa bega.

"Mbona uko hapa, binti? Trev amekufukuza?"

"Mzee, nimekusikia leo safu ya saba. Wewe na mama Noreen." Alisema kwa sauti kubwa, akimtazama usoni.

Ilimchukua muda kuelewa. Vonnie akamwonyesha waya. Uso wa mzee ukaiva.

"Umenisikiliza na mke wangu kwa siri?"

"Nilikuwa natafuta mngurumo! Wiki tatu natafuta! Nimechimba ardhi, nimemtukana mtoto wa watu, nimekosa usingizi, na wewe unanitazama tu unaniambia nzima, nzima!"

Mzee akaacha kufunga vijiti. Akakaa juu ya kasha la filamu. Projekta ya kwanza ilikuwa imeshawashwa inapata moto, inanguruma.

"Hizi," akasema akizinyooshea kidole. "Miaka thelathini na mbili nimesimama katikati yao. Siku hizi nazisikia kwenye sakafu tu, kwa nyayo." Akajifuta uso. "Mtu anayeonyesha picha na hasikii, ni nini huyo?"

Zilibaki dakika sita picha ianze. Chini magari yalishaanza kupiga honi za kuhimiza.

"Picha unaona?" akamuuliza.

"Picha naona vizuri kuliko wewe."

"Basi onyesha picha. Mimi siwezi kukaa humu, nitapasuka. Nitakuwa nje na tochi. Nikimulika mara moja, punguza. Mara mbili, ongeza. Nje ya hapo usikiguse kile kifundo, mzee, nitakuvunja vidole."

Mzee akamtazama, kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Usiku huo Vonnie alitembea safu zote kumi na mbili, akiinamia spika zilizobaki kwenye nguzo, akimulika juu kila mara. Mwanga wa mara moja, sauti ikashuka. Mara mbili, ikapanda. Ndani ya kidirisha aliona kichwa cha mzee kikimtafuta gizani.

"Wewe na tochi, kaa chini!" mtu akafoka kutoka gari moja.

"Sauti iko sawa?"

"Sauti iko sawa! Wewe ndiye huko sawa!"

Asubuhi alikuta spika mbili tu zimechanika, na zote mbili za zamani.

Wiki iliyofuata Noreen mwenyewe alimwambia kaka yake habari ya masikio ya Athol, kabla hajaambiwa na mwingine. Yalitokea maneno, lakini uwanja haukuuzwa mwaka ule. Mzee Athol alipelekwa mji wa pwani, akarudi na kifaa cha sikio ambacho alikivaa siku nne, akakitupa kwenye droo akidai kasuku wa Wirrandool wana kelele sana. Vonnie aliendelea kuzunguka na tochi. Trev alijaribu kumletea kiti cha kukunja. Alikikalia mara moja, dakika kama tano, goti likacheza, akainuka akaenda safu ya tisa, ambako alidhani amesikia kitu.