Kitanda Mama Asichokigusa

Nilimwomba Asumani, seremala wa mtaa wetu, anitengenezee kitanda kinachonifika kiunoni, na chini yake iwe stoo. Nyumba yetu hapa Ruashi ina sehemu mbili tu, salon, yaani sebule, na chumba cha kulala, zimegawanywa kwa ukuta wa triplex, ubao mwembamba. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kamina kumlea Tracy, binti yangu wa miezi tisa, ili mimi nirudi kwenye masomo ya jioni. Mimba ilinitoa shuleni. Sasa examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Lakini Mama angelala wapi, na salon yote imejaa magunia ya unga na makaa?

Asumani alifanya kazi siku mbili. Alisimamisha miguu minane juu ya matofali, akaipaka mafuta machafu ya gari ili mchwa wasipande, akapanga mbao, godoro likakaa juu. Chini nikaingiza kila kitu: bunga, makala, mbabula ya kupikia, sufuria, maziwa ya Tracy. Salon ikapumua. Nikamwekea Mama godoro pale, nikalitandika kikwembe kipya cha kitenge.

Alifika Jumatatu. Nilikuwa nimechelewa masomo, nikamwonyesha kwa kidole tu: "Mama, bintu byote biko kule, chini ya kitanda."

"Mm," akasema.

Niliporudi saa moja na nusu usiku, Tracy alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Moto haukuwashwa. Mama ameketi kizingitini, anamnywesha maji ya sukari aliyoomba kwa jirani.

"Mama! Maziwa iko pale!"

"Pale wapi? Chini ya kitanda ya mukwe yangu? Weye Wivine, unataka miye nipinde mugongo mahali bwana yako analala? Tangu lini?"

Nikakimbia kuchukua maziwa. Kwetu, mama wa mke na bwana wa binti wanaheshimiana hadi kuogopana. Mama haingii chumba cha mkwe wake, hagusi kitanda chake, hata mwenyewe akiwa mbali, kama Floribert wangu aliye mgodini Kinsevere. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto, lakini kwa kusikia. Nililelewa mjini na shangazi asiye na mabinti, sikuwahi kuona mkwe akipiga hodi. Na kitanda kile nilikitengenezesha kwa ajili ya Mama!

"Sina kasirani, mutoto yangu," Mama akasema polepole. "Lakini mujukuu atalala njaa mu mikono yangu, na maziwa iko hatua mbili. Siku ya posho, Jumamosi hii, mi narudia Kamina."

Mfuko wake wa safari ulikuwa bado umefungwa, umesimama kando ya mlango.

Kesho yake niliyatoa magunia yote. Salon ikajaa tena, godoro la Mama likabaki limesimamishwa ukutani. Nikayarudisha. Masomoni sikwenda.

Jumatano asubuhi Tracy alikuwa anatambaa salon na mwiko mkononi. Akagonga ukuta wa triplex, chini kabisa: ko, ko, ko. Mlio wa kitu chenye tumbo wazi. Nikaacha ufagio. Nyuma ya pale ndipo ilipokuwa stoo.

Nikaenda mbio kumwita Asumani. Nilipomweleza, alicheka hadi akashika mlango.

"Ma Wivine! Nilitengenezaka bitanda mu Ruashi muzima, lakini kitanda ya kufukuza mukwe, hii njo ya kwanza!"

"Hapana kucheka, Papa Asumani. Kuya ukate ukuta."

Akaukata ukuta chini, upande wa salon, akaweka makasha manne ya kuvuta. Mama alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mwalimu wa hesabu.

"Hizi kasha, zinagusa kitanda?"

Asumani akaacha kucheka. Akalala kifudifudi, akachungulia. Makasha yalikuwa yanapita juu ya mbao alizozipigilia kwenye miguu ya kitanda. Angeweza kudanganya, maana Mama asingeingia chumbani kuhakikisha.

"Zinagusa, Mama," akasema.

Akang'oa misumari yote. Akayajengea makasha kabati lao, na mgongo wake na kifuniko chake, akalikalisha juu ya matofali mengine. Kisha akalivuta lote hadi katikati ya salon, akapitisha mkono kila upande.

"Angalia. Kitanda iko kivyake, kabati iko kivyake. Ni bajirani tu, hata habasalimiane."

Akalisukuma tena mahali pake. Mama akainama. Akavuta kasha la kwanza. Akatoa bunga, akafungua, akanusa.

"Na hii bunga ni ya mwaka gani? Njo hii munakulaka?"

Nikacheka, machozi yakanitoka.

Jioni ile nilitoka masomoni na kupokewa na harufu ya ndakala, dagaa wa kukaanga, tangu barabarani. Tracy alikuwa ameshiba, amelala mgongoni mwa bibi yake.

"Kula, mama wa mabuku," Mama akaniambia, akinisogezea ugali. "Bukari inapoa."

Nilivuta kasha la mwisho kutafuta chumvi. Chumvi sikuiona. Niliukuta mfuko wa safari wa Mama, mtupu, umekunjwa mara mbili.