Upande wa Kijiko

Kuna kuchoka kwa mtu aliyepanda ngazi: akikaa, akavuta pumzi, kumekwisha. Na kuna kuchoka kwa Mtambuzi, ambako hata akilala kunamngoja kando ya kitanda pamoja na kandambili zake. Kazi yake ilikuwa kutambua nyangumi kwa picha, katika ofisi ndogo ya utafiti wa bahari, ndiyo maana wenzake wakamwita hivyo. Nyumbani hakuitwa kitu. Mama yake alipigwa na kiharusi mwaka uliopita, upande wa kushoto ukalegea, maneno yakamkauka, na tangu hapo alipomhitaji binti yake aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kulia. Akigonga, Mtambuzi anakuja. Zamani, alipokuwa mtoto wa kukokota ndoo zinazomzidi kimo, mama alimwita Sisimizi, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Lakini hayo ni ya zamani, na ndoo zimebaki.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye watu wote walimwita Bosi, ingawa hakuwa na hata paka wa kumwamuru. Bosi huja kumwona mama kama mgeni rasmi: manukato mbele, machungwa mkononi, hadithi tele. Anakaa saa moja, anamchekesha mgonjwa, anaondoka, na nyumba nzima inabaki ikimsifu. Vyombo anaviacha mezani. Safari hii akaja na jipya: atampeleka mama kwenye boti ya watalii kutazama nyangumi.

"Twende wote, dada," alisema.

"Nani atafua mashuka?" Mtambuzi alimuuliza, na wala hakuwa anatania.

Wakaenda wawili. Huko baharini ndama mmoja wa nyangumi akaanza kurukaruka, abiria wote wakakimbilia upande huo, na mama akabaki upande wa pili, kiti chake cha magurudumu kimefungwa kwenye reli, Bosi kando yake. Ndipo upande huo uliokimbiwa akaibuka nyangumi wa nundu wa ajabu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama kiwiko, ngozi imekwajuka, na alipozama hakunyanyua mkia kama wenzake. Bosi aliwahi kupiga picha moja tu, ya kujipiga mwenyewe bila shaka: uso wake, uso wa mama, na nyangumi nyuma yao.

Ofisini kwa kina Mtambuzi kuna desturi kwamba anayemwona nyangumi asiyejulikana ndiye anayempa jina. Bosi alilijua hilo, na kabla boti haijafika gatini alikuwa ameshamwahidi mama kwamba yeye ndiye atakayelitoa. Hapo sasa ndipo mambo yalipogeuka. Mama, aliyekuwa akimkatalia katakata mtaalamu wa mazoezi ya kusema, akaanza kufanyisha midomo yake mazoezi peke yake. Uji ambao alikuwa akiugeuzia uso akaumaliza. Ukimuuliza jina alilochagua, anainua kidole: ngoja. Mtambuzi aliuona uhai huo ukirudi, akafurahi, na ndani ya furaha hiyo akaona wivu, maana mwaka mzima wa vijiko vyake haukufanya kilichofanywa na boti ya Bosi.

Basi ikabaki ofisi kusema kama nyangumi ni mgeni au la. Pale watu wawili hutazama picha, kila mmoja peke yake, ndipo wakutane. Wa kwanza alikuwa Mzee Lenzi, aliyeifanya kazi hiyo tangu picha zikiwa za kuoshwa kwenye dawa. Kwa kawaida hutazamwa sehemu ya chini ya mkia, maana kila nyangumi ana madoa yake. Huyu mkia aliuficha. Kilichoonekana ni pezi la mgongoni na kovu jeupe kama ndoana kwenye ubavu wa kushoto.

"Mimi nimemaliza," Mzee Lenzi alimwambia akipita na kikombe chake. "Sisemi nilichokiona. Ila usijiumize macho."

Hiyo ni kusema bila kusema, na Mtambuzi alielewa: mgeni. Hata hivyo alijiumiza macho. Alikata picha akabakiza nyangumi peke yake, akafungua picha zote za mbavu za kushoto walizokuwa nazo kwenye kompyuta, moja baada ya moja, feni ikilalamika juu ya kichwa chake. Hakuna ndoana. Baada ya chakula cha mchana ambacho hakukila, akaamua basi, ni mgeni, mama apate jina lake na watu tupumzike.

Akafungua picha nzima ili aandike nani alimwona. Mdomo wa mama ulikuwa umelegea upande wa kijiko.

Kila asubuhi na kila jioni alikaa mbele ya uso ule. Kijiko hukipitisha upande wa kulia, ulio mzima. Upande mwingine uji humwagika. Na hapa upande wa kijiko ndio ulioshuka. Hofu ikamsahaulisha kwamba asubuhi hiyohiyo alimlisha kama kawaida; akadhani kiharusi kimerudi kulekule kwenye boti na hakuna aliyemwambia. Alimpigia simu jirani aliyekuwa akishinda na mama.

"Yuko salama salimini," jirani alisema. "Ananikodolea macho anataka chai."

"Mdomo wake je?"

"Uleule wa jana. Kwani vipi?"

Mtambuzi akaitazama tena picha. Saa ya Bosi, ambayo haijawahi kuvuka mkono wa kushoto, ilikuwa mkono wa kulia. Maandishi ya fulana yake yalikuwa yakisomeka kinyumenyume. Simu ilikuwa imeigeuza picha kama kioo, kulia kukawa kushoto. Na yeye kutwa nzima alikuwa amemkata mama yake pembeni ili amwone nyangumi.

Akaigeuza. Akafungua mbavu za kulia. Haikuchukua muda: kovu lilelile la ndoana, pezi lilelile lililomeguka ncha. Alikuwa Pazia, jike waliyemjua tangu zamani, mgongo ukiwa umenyooka kama wa wenzake. Mara ya mwisho alionekana akiburuta kamba za nyavu zilizomkaza mwilini. Hakuonekana tena, na Mzee Lenzi mwenyewe ndiye aliyeihamishia picha yake kwenye faili la waliokufa.

Mtambuzi akakaa. Angeweza kuigeuza picha irudi ilivyokuwa. Mzee Lenzi keshasema, nani mwingine angejua? Mama angelitoa jina lake, angekula, pengine angesema na mengine. Alilitaka hilo, jamani, alilitaka kwelikweli. Lakini mnyama ameburuta kamba, mgongo ukavunjika ukaunga vibaya, bado kaja na msimu wake, halafu aandikwe kwamba hajawahi kuwepo? Mtambuzi aliijua hali hiyo ya kufika kila siku na usiitwe jina. Hakuweza.

Mzee Lenzi alipoonyeshwa, alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyemzika," alisema. "Afadhali umenifukulia."

Nyumbani alimkuta Bosi ameshafika, amekaa kitandani kwa mama, anangoja habari. Mtambuzi hakuzunguka mbuyu. Alisema nyangumi ni wa zamani, jina analo, na alieleza picha ilivyogeuka.

"Dada," Bosi alisema kwa sauti ya chini, "hata mara moja tu usingeweza kunyamaza?"

"Nisingeweza."

Mama alifumba macho. Mtambuzi akaenda jikoni kuchukua uji, maana njaa haingoji mtu amalize kusikitika, akarudi akakaa mahali pake. Alijua leo bakuli litarudi limejaa.

"Yuko hai, mama," alisema. "Tulimdhania amekufa. Kapinda, kachoka, lakini bado anaenda. Nisamehe kwa lile jina."

Mama alifumbua macho. Akasukuma bakuli pembeni kwa mkono wa kulia, na midomo ikaanza kazi yake. Ilikuwa kazi kweli, mate yakimtoka, shingo ikikaza.

"Si," alisema. Akapumzika. "Si-si. Mi. Zi."

Bosi akacheka, masikini, hakuwa na ubaya. Alizaliwa nyuma, jina lile halikumkuta. "Sisimizi? Mama, nyangumi mkubwa vile umwite sisimizi?"

Mama hakumgeukia. Alikuwa anamtazama aliyeshika kijiko, na akalirudia, safari hii bila kupumzika katikati.

"Abee, mama," Mtambuzi akaitika.