Rangi ya Tina

"Bado," alisema Mama Berthe, mkono wake ukiwa kando ya kipande cha majaribio chenye uso wa binti yake. "Haiko yeye."

Carine alikuwa amekitoa nje tena, maana taa ya duka lake la uchapaji, hapa Likasi, ni mwongo mkubwa: kila uso huupendezesha. Wino mpya ulipenda wekundu kupita kiasi, naye alikwisha kuurekebisha tangu asubuhi. Sasa mashine ilitoa picha ileile aliyotumiwa kwenye simu. Balaa ni kwamba picha hiyo ndiyo mama mtu aliyoikataa.

Tina, marehemu, alijichubua tangu usichana wake. Weupe huo ndio Rolly, mumewe, aliouagiza kwenye bango la msiba, na bango lilitakiwa kanisani kabla ya jeneza. Rolly alisimama ng'ambo ya barabara, kwa heshima ya ukwe, hathubutu kumkaribia mama mkwe wake. Maneno yake yalipita kwa Carine: afuate picha, basi.

Carine alikaa, akainuka, akakaa tena. Kazi yake ni kutoa kilichomo kwenye picha, bila kuongeza wala kupunguza. Aliwaonea huruma wote wawili, na saa ilikuwa inakwenda.

"Minye nilimuzala mweusi," alisema mama polepole. "Siwezi kumuzika sawa mugeni. Weka rangi ya huyu mukono."

Carine akaongeza bluu, akaongeza nyeusi, akachapa kipande, akatoka nacho mbio, akarudi. Akizidisha kidogo tu, uso unageuka majivu, na hilo hakuna msiba unaolisamehe. Akaharibu kipande, akaharibu kingine. Mwishowe kimoja kililala juu ya mkono wa mama, na mpaka haukuonekana. Akachapa bango zima bila kumuuliza Rolly.

Walipolitandaza mbele ya duka, Rolly alivuka barabara, ukwe ameusahau. Aliinama juu ya bango. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuona uso huu.

"Ule ni nani?" alimuuliza Carine.

Mama Berthe akageuka, akamtazama mkwewe usoni.

"Huyu njo Tina," alisema. "Umusalimie."

Rolly alivua kofia. Upepo uliinua pembe ya bango, na Carine akapiga goti akaishika isiufunike uso.