Daudi wa Redioni

Chumba cha kurekodia kilikuwa kimepigwa magodoro ukutani ili kelele za bodaboda za Lodwar zisiingie, na joto nalo halikuwa na pa kutokea. Clotilde alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba. Tangu uji wa jana kule kambini Kakuma hakuwa ametia kitu tumboni. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena. Ekiru, kijana aliyeandika mchezo, akamvisha vidude vya kusikilizia masikioni.

"Sikiza, mathe. Hii ni wewe."

Mwanamke akaanza kulia ndani ya kichwa chake. Alilia vizuri, bila kamasi. "Daudi! Daudi, mwanangu, uko wapi?"

Clotilde alingoja. Labda Daudi alikuwa mtoto wa jirani, na mwanawe Serge angekuja baadaye. Yule mwanamke akalia dakika ishirini nzima, na kila mara alimwita Daudi.

Clotilde akavivua vile vidude. "Daudi ni nani?"

"Ni Serge," Ekiru akasema. "Tumebadilisha."

Serge alikuwa na miaka kumi na sita alipopanda gari kwenda Kalokol kutafuta kazi ya kuanika samaki. Hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Kwenye kizuizi kimoja nje ya Lodwar askari walimteremsha. Abiria wenzake waliona. Sasa ilikuwa miaka minne. Hakuna orodha ya mahabusu yenye jina lake, hakuna hospitali, hakuna kaburi. Shirika moja lilipokuja Kakuma kutafuta visa vya kweli vya mchezo wa redio, Clotilde alisimulia siku tatu kwa sharti moja: jina la mtoto lisemwe. Redio ile ilifika Kalokol, ikafika ziwani kwenye maboti, ikafika hadi Nakalale kwa wachungaji. Popote alipo Serge angesikia anaitwa. Na aliyemwona angesema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Nakaale, mkuu wa mradi, na simu mbili mkononi.

"Mama Serge, karibu sana. Umeskia? Si imetoka poa?"

"Dada, mutoto wangu hayuko ndani."

"Yuko. Si ndio huyo Daudi?"

"Daudi simujue."

Nakaale akavuta kiti. Aliongea polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa jinsi ya kumeza dawa. "Mama, majina ya watu wote tunabadilisha. Ni kuwalinda. Serge alikuwa mtoto."

"Kumulinda na nani?"

"Na watu wabaya."

"Hao watu wabaya njo walimubeba."

Ekiru alikuwa anafunga nyaya. "Mathe, skia. Tukiweka jina la Kongo, Wasudan watasema mchezo ni wa Wakongo. Tukiweka la Turkana, kaunti itauliza kwa nini tunasema watoto wetu wanapotea. Manyok wa kamati ya vijana ndio alitupea Daudi. Daudi ni wa kila mtu."

"Na askari? Sikumusikia."

Ekiru alimtazama Nakaale.

"Askari tulimtoa," Nakaale akasema. "Saa hii ni genge la wauza watu. Ile ya askari ingetuletea maneno na leseni ya redio."

"Na Lodwar?"

"Ni mji fulani."

Clotilde aliishika meza. "Dada, jina yangu mubadilishe. Muniite hata Punda. Askari mumutoe. Lodwar mutoe. Lakini jina ya mutoto muiache. Hiyo moja tu."

"Ulisaini, mama," Nakaale akasema, na simu moja ikaanza kulia.

Nje kwenye veranda palikuwa na dirisha la matangazo madogo. Mwanamke wa Kiturkana aliyejaa shanga shingoni alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili. Aliitwa Asekon, naye alikuwa amepoteza ngamia.

"Rudia," Asekon akamwamuru msichana wa dirishani.

"Ngamia jike, rangi ya majivu, anaitwa Napus. Sikio la kushoto limekatwa. Alipotea akienda Nakalale. Mwenyewe ni Asekon."

"Soma mara tatu. Asubuhi, mchana, jioni."

"Ndiyo, mama."

Clotilde akasogea. "Na miye uniandikie. Kijana, anaitwa Serge. Iko na kovu hapa, chini ya kidevu. Mama yake ni Clotilde, Kakuma."

Msichana aliandika hadi neno Kakuma, kisha kalamu ikasimama. "Wewe si ndio mama wa mchezo? Wa mradi hawaruhusiwi kutangaza. Ni sera."

Asekon akacheka kwa hasira. "Wewe! Ngamia yangu naandikwa, mtoto ya huyu naachwa?"

"Ngamia hana sera, mama."

Mchezo ukaenda hewani wiki nane. Kakuma watu walijazana kwenye vibanda vya kuchaji simu kumsikiliza Daudi. Spéciose, jirani wa Clotilde kutoka Burundi, alikuja kila Alhamisi akakaa naye mlangoni. Sehemu ya mwisho, Daudi alirudi nyumbani amebeba gunia la unga. Wasikilizaji walikuwa wameshachoka na vilio, Ekiru alieleza baadaye. Spéciose alipiga makofi, halafu akamwona mwenzake, akaficha mikono chini ya kitenge.

Shirika lilifanya sherehe Lodwar, Clotilde akapewa kibali cha siku mbili ili awepo. Walimpigia makofi kama Mama Daudi. Siku ya pili hakupanda gari la kurudi. Alitembea juani hadi kwenye kituo kidogo cha askari karibu na kile kizuizi. Humo, miaka minne nyuma, alikuwa ameandikisha kwenye kitabu cha matukio kwamba mwanawe amepotea. Katika serikali zote za dunia jina la Serge lilikuwa limeandikwa katika kitabu hicho tu.

Askari wa zamu alikuwa kijana, mpole, jina lake Ejore. Alimpa kiti na maji.

"Nakuja kuuliza mutoto wangu. Serge."

Ejore akafunua kurasa za kitabu, akapitisha kidole, akaliona jina. Akasoma maelezo, kisha uso wake ukachanua.

"Lakini hii ni ya redio! Gari ya Kalokol, mama wa Kongo... Kumbe wewe ndio mama ya Daudi?"

"Anaitwa Serge."

"Najua, majina walibadilisha. Walisema ni kisa cha kweli. Bibi yangu alilia vile kijana alirudi."

"Hajarudi."

"Mama, si nilisikia na masikio yangu? Alirudi na unga." Alikuwa anacheka kwa wema. "Na hii bado iko wazi hapa. Mkubwa amekuwa akitusumbua, kila mwezi anauliza mbona kesi za zamani hazifungwi."

"Afande, ile ni mchezo. Serge hajarudi. Nakuapia."

"Pole, mama. Lakini kama ni uongo, kwa nini walikupigia makofi jana? Nilikuwa zamu pale nje mlangoni, nikayasikia."

Alichukua rula na kalamu nyekundu. Clotilde akainuka na kulifunika jina kwa kiganja chake.

Ejore akatazama saa ukutani. Kisha akatazama kibali cha Clotilde pale mezani, kilichokuwa kinaisha jioni ile.

"Toa mkono, mama."

Hakutoa. Basi Ejore akakivuta kitabu kidogo upande wake, akaanza kuandika AMEPATIKANA kuanzia pale vidole vya Clotilde vilipoishia.