Miezi Saba ya Kuwa Mke

Mume wangu alipokuwa hai nilikaa kama mjane, na alipokufa nikakaa kama mke. Nalitanguliza hili ili mtu asije akanionea huruma pasipo na sababu.

Kwetu mwanamume akiingia msituni, mkewe anavua bangili zake nyeupe za kombe na kufuta unga mwekundu kwenye njia ya nywele, alama za mwanamke mwenye mume. Anakaa hivyo mpaka arudi. Hapaki mafuta kichwani, haoshi nywele kwa sabuni, hakaangi pilipili kavu, hafagii mchana. Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza maana yake siku ya kwanza nilipoolewa: unajifanya umekwisha kufiwa, ili Mjomba akimwona mumeo kule mikokoni adhani kazi yake imekwisha kufanyika. Mjomba ndiye chui milia. Hatumtaji kwa jina, hata mimi hapa ninapoandika mkono unasita.

Nilikuwa nimeolewa na Subal miaka tisa. Ukizihesabu siku zote alizokuwa msituni, nadhani nilikaa mjane zaidi ya nusu yake. Watoto hatukupata, na majirani walikuwa wakinitania kwamba watapatikana vipi, mwanamke mwenyewe kila mara yuko matangani.

Mwezi wa Srabon, mvua zikiwa zimepamba moto, Subal alikwenda kuvua kaa pamoja na kaka yake Khagen na Mzee Kasem, ambaye anayajua maneno ya kumfunga Mjomba kinywa. Kibali hawakuwa nacho. Kwenye vijito vya kibali kaa wamekwisha, na kwenye kaa kibali hakitolewi, basi watu wanakwenda hivyo hivyo. Nilivua bangili, nikazifunga kwenye kitambaa, nikafuta kichwa. Siku ya nne kichwa kikaniwasha kiasi cha kutaka kujipiga ukutani. Nilikuwa peke yangu nyumbani, mama mkwe amekwenda kwa binti yake kijiji cha pili. Nikashuka bwawani na kipande cha sabuni nikaosha nywele. Nikajisemea, nani ataona?

Siku ya sita asubuhi Khagen alikuja akipitia nyuma, upande wa zizi la mbuzi, mvua inamwagika. Hapa lazima niseme kitu. Kaka mkubwa wa mume kwetu hasemi na mke wa mdogo wake uso kwa uso. Ukimwona unajifunika kichwa na kugeuka, na yeye akiwa na neno anauambia ukuta. Miaka tisa Khagen alikuwa amesema na ukuta wangu, wala hatukuwahi kukosana. Siku ile alikaa kizingitini, matope mpaka mapajani, akanitazama usoni.

"Minoti, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, kaka. Subal bado anafunga mashua?"

"Mjomba kamchukua."

Nilikuwa nachambua mchele. Nakumbuka nilimalizia ule ulio mkononi ndipo nikauliza.

"Lini?"

"Jana. Maji yanakupwa, kainama anavuta kamba ya chambo. Mimi nilikuwa karibu hivi, kama nilivyo na huo mlango. Sikusikia kitu. Nilisikia mashua inainuka tu, kama mtu kashuka."

"Mwili wake?"

Alitikisa kichwa. "Tumefuata alama mpaka matope yakatushika kiunoni. Mzee Kasem kasoma maneno yake yote. Hatukuona kitu."

Nilingojea nilie. Wanawake wote niliowaona wakiletewa habari ile walianguka chini pale pale. Mimi nilikaa. Mwili wangu wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unajua ni wako lakini hausikii.

"Sasa nisikilize," Khagen akasema. "Kijito chenyewe kilikuwa kile kilichofungwa. Walinzi wa msitu wakijua, mashua hatuioni tena, na mimi na Mzee Kasem tunalala ndani. Mke wangu na mwanangu Latika watakula nini? Vaa bangili zako."

"Nivae nini?"

"Vaa bangili, paka unga. Karudi salama, kashukia ng'ambo, kapanda treni kaenda Kerala kujenga maghorofa. Wangapi wamekwenda hivyo hivyo? Hakuna atakayeuliza."

"Kaka, mume wangu kafa."

"Najua kafa. Nilikuwepo!"

Nilikuwa nimesahau kujifunika kichwa. Nikayaona macho yake yanakwenda kwenye nywele zangu na kukaa huko. Zilikuwa laini, zimeachana vizuri, mtu wa siku sita bila mafuta wala sabuni hawi na nywele zile.

"Umeosha kichwa," alisema.

Nikavuta upindo wa sari kichwani.

"Siku gani?"

"Juzi."

Kisha akageukia ukuta kama zamani, akauambia, "Sitamwambia mtu." Akaondoka kwa njia ile ile ya mbuzi.

Basi alikuwa amenifunga: akisema neno, kijiji kizima kitanihesabia mimi kifo kile. Je, naamini kwamba sabuni ya mwanamke bwawani inaweza kumwita Mjomba aliye mwendo wa usiku kucha wa kupiga kasia kutoka hapo? Mchana siamini. Lakini nilifungua kitambaa, nikavaa bangili, nikapaka unga mwekundu kwenye njia ya nywele, mwingi, kama wa bibi harusi, nikatoka nje kwenda kuanika vitu ambavyo havikuwa na jua la kuvikausha. Jirani akapaza sauti kutoka kwenye tuta, "Aa, mwenyewe karudi!" Nikasema karudi.

Mama mkwe alirejea siku ya pili.

"Hakuningoja hata siku moja?" aliuliza. "Kerala itakimbia?"

"Treni ilikuwa siku ile ile, mama."

"Treni! Mimi nimembeba tumboni miezi tisa, treni imembeba siku mbili, na treni ndiyo ya kungojwa." Akakaa barazani na mkoba wake bila kuufungua.

Tukaendelea hivyo. Kila wiki mbili Khagen alikuja kusema Subal kapiga simu kwake. Mama mkwe alimkazia macho. "Kwa nini hapigi nikiwa nipo? Anaogopa nitamwomba nini, mkufu wa dhahabu?" Khagen alisema mtandao mbaya, zamu za kazi, msimamizi mkali. Ni mwongo mzuri kuliko nilivyomdhania. Mara nyingine alitia na chumvi, eti Subal kasema wali wa kule una punje nene, na mimi nikajikuta nacheka, kwa sababu ni kweli Subal angesema hivyo.

Bwawani wanawake walinitania mpaka wakachoka wenyewe.

"Minoti, huko Kerala wanawake wana nywele hadi magotini. Hukuambiwa?"

"Mwache. Hujaona anavyonenepa? Mume mbali, samaki wote wake."

Kweli nilikuwa nakula samaki. Mjane hali samaki kwetu. Mama mkwe, ambaye mumewe alichukuliwa na Mjomba nikiwa sijazaliwa, hajaonja samaki miaka thelathini na tano, lakini alinipikia mimi kila jioni na kuniwekea kichwa. "Kula, mwanangu. Mwenye mume haachi samaki, ni kumtakia mabaya." Nilikula. Sikuona ladha ya chumvi wala ya haradali. Nilikula mpaka miiba, kwa kuwa alikuwa akinitazama.

Watu wananiuliza siku hizi kama nilikuwa nalia kwa siri. Sikulia. Nilijaribu mara moja, nikiwa peke yangu nafuata kuni kwenye tuta. Nikasema kwa sauti, "Subal kafa." Ilikuwa kama kusema mvua imeacha. Bila mtu wa kulia naye, bila kuvunja bangili, bila siku za matanga, kifo chake hakikupata mahali pa kukaa. Nilichokitaka ni hicho tu, waniache niwe mjane wake. Na hata hilo niliogopa: siku nitakayopewa ruhusa hiyo, watauliza nilikosea mwiko gani.

Mwezi wa Falgun Latika, binti ya Khagen, akaposwa. Kijana mwenyewe anafuata asali, kwa hiyo kila mwezi wa Chaitra, msimu wa asali, angeingia msituni. Asubuhi ya harusi ni asubuhi ya manjano. Wanawake wanasaga manjano mabichi, wanachanganya na mafuta ya haradali, na wale ambao waume zao wako hai wanampaka bibi harusi mmoja mmoja, mashavuni, mikononi, miguuni. Mjane hagusi. Mjane hakaribii hata bakuli. Anakaa pembeni na kutazama, kama mama mkwe alivyokaa siku ile kwenye kona ya baraza na sari yake nyeupe.

Khagen alikuwa amenipangia niende ng'ambo kununua maua asubuhi ile. Lakini maua yaliletwa jana yake na ndugu za mama yake Latika, nikabaki. Yeye alikuwa uani na wanaume wawili, wanasimamisha mashina ya migomba ya mahali pa harusi, hakuniona.

Gouri, mke wa Khagen, akaita, "Minoti! Njoo wewe. Tumefika wanne, tunataka wa tano."

"Dada, mtafuteni mwingine. Mikono yangu ina harufu ya samaki."

"Itapata harufu ya manjano. Njoo bwana! Mumeo kaingia msituni miaka yote na akatoka mzima, bahati hiyo ndiyo ninayomtakia mwanangu. Latika, huyu mama yako mdogo akupake vizuri, sawa?"

Latika alicheka, macho yamefumbwa, manjano tayari yanamtiririka shingoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilinyanyuka. Mpaka leo sijui kama nilikusudia kumpaka. Najua tu kwamba nilipiga magoti, nikachovya vidole, manjano yalikuwa baridi, na wanawake wakaanza vigelegele.

"Usimguse!"

Vigelegele vikakatika. Khagen alikuwa amesimama na panga la kukatia migomba, ananitazama mimi, usoni, mbele ya watu wote.

Mwanamke mmoja akacheka. "He, baba bibi harusi! Haya umeiweka wapi? Unasema na mke wa mdogo wako?"

"Nimesema usimguse mwanangu."

"Wewe una nini?" Gouri akamgeukia. "Leo ndiyo siku ya kufanya wazimu? Mkono wa mke mwenye heri—"

"Mjane!" Khagen alipiga ukelele kama mtu aliyechomwa. "Ni mjane huyo! Subal kachukuliwa na Mjomba tangu Srabon. Kijitoni, mbele yangu. Hakuna Kerala. Mwondoeni mkono wake kwa mwanangu!"

Sikumchukia. Hilo lilinishangaza baadaye. Miezi saba alikuwa ameweza kuniacha nivae bangili zile mbele ya kijiji kizima, nao uongo ule ukamkaa vizuri, mpaka ulipofika kwenye shavu la binti yake. Nadhani hata mimi ningekuwa na binti ningepiga kelele.

Latika alijivuta nyuma na mkeka. Gouri alimwaga bakuli lote chini, akaanza kumfuta mtoto shingo kwa upindo wa sari, pale ambapo sikuwa nimemgusa. Kisha wanawake wakafanya kinachofanywa. Walinizunguka wakapiga yowe, wakamwita Subal kwa jina, wakanishika mikono wakagonga bangili kwenye nguzo ya baraza, wakaniosha kichwa kwa maji ya mtungi mpaka unga mwekundu ukanishukia machoni. Nilikuwa nimeingojea siku hii. Nikajiachia, nikasubiri kilio kije. Hakikuja. Nikafikiri, basi, kumbe nacho kimekufa.

Hakuna aliyekuwa amemkumbuka mama mkwe. Alikuja mwenyewe kutoka kwenye kona yake, polepole, wanawake wakampisha. Hakupiga yowe. Alichuchumaa mbele yangu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu siku ile niliporudi."

"Tangu siku ya kabla yake."

Alitikisa kichwa kama mtu anayejumlisha. "Nimemwita mtoto asiye na haya. Nimemwita mbwa. Juzi hapa, mbele ya Gouri, nilisema na afie huko huko alikokwenda, hana mama. Wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa umekaa karibu yangu, tunamenya vitunguu."

"Ndiyo, mama."

"Si ungenikanyaga hata mguu," alisema.

Nilikuwa na majibu. Mashua, jela, Latika na mama yake wangekula nini, hata zile nywele ningeweza kumtajia. Yote yalikuwa mdomoni na hakuna hata moja lililotosha. Nikaanza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti ambayo sikuijua, na wanawake waliridhika kwamba hatimaye namlilia mume wangu. Mama mkwe peke yake alijua sivyo, akanishika kisogo akaniegemeza kichwa kwenye goti lake, wala hakuniambia ninyamaze.