Sharubati ya Bi Mwaisha

Pale gatini Mtwara walimwita Omari Thabiti "Bwana Karatasi," na jina lenyewe alijitakia. Alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo forodhani, na ukimpelekea fomu yenye nafasi moja tupu, hata iwe ya jina la babu yako, anakurudishia usoni. Hana simile. Sasa nisikilizeni niwaambie jinsi mtu wa namna hiyo alivyokwenda kuandika uongo kwenye fomu, tena fomu ya mama yake mzazi.

Mama huyo, Bi Mwaisha binti Mussa, alikuwa Mngazija. Aliletwa Mikindani akiwa mwari, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka, na kwao hakurudi tena. Mwaka wa hamsini na sita akaanza kukataa chakula. Hana homa, hana kikohozi. Uji anauonja, anausukuma. "Hauna harufu," anasema. Samaki hana harufu, wali wa nazi hauna harufu. Daktari alimpima, akamvuta Omari pembeni na kumwambia kuwa ugonjwa haoni, ila mama asipokula hatafika mwezi ujao. Sharifa, mke wa Omari, alimpikia mkwewe kila alichokijua, mpaka akaishia kulia jikoni.

Siku moja bibi akasema, macho yakiwa darini, "Ningenusa vanila ya kwetu, ningekula."

Vanila! Omari hakuwahi kuisikia kinywani mwa mama yake. Kumbe utotoni mama alikuwa akiozesha maua katika shamba la baba yake. Ua la vanila huko halizai lenyewe. Linachanua asubuhi moja tu, na wasichana wanapita na mwiba wa mchungwa, wanakiinua kijiulimi kilichomo ndani, wanabana kwa kidole gumba, basi, ua limeolewa. Ukichelewa mpaka adhuhuri, limekufa. Alifanya kazi hiyo tangu ana miaka tisa mpaka siku ya posa.

Omari akahangaika. Maganda ya vanila yalitaka kibali cha mimea, na kibali ni miezi. Lakini arki yake, ile harufu iliyokamuliwa ikatiwa chupani, ilihesabiwa chakula, na chakula kina fomu moja. Akamwandikia mfanyabiashara wa Majunga, ng'ambo ya bahari, aliyeuza vanila ya kwao mama, akaagiza chupa sita. Mpokeaji: Mwaisha binti Mussa.

Wiki ya tatu, mama akiishi kwa vijiko viwili vya uji, chupa zikaja na meli, fomu ikafika mezani kwake. Kila mzigo wa chakula ulitakiwa kuandikiwa kilichomo, na barua ya Majunga ilisema wazi: vanila, maji, na spiriti sehemu arobaini kwa mia.

Kalamu ikagoma. Huyu ni mwanamke aliyefunga Ramadhani hadi za uzee wake, watoto wakimwonea huruma. Mlevi akipita njiani, yeye anafunga dirisha. Leo mwanawe aandike jina lake, na ubavuni mwa jina hilo aandike pombe, isomwe na kila karani kuanzia hapa mpaka Dar es Salaam? Haya ikamvaa. Akaandika: sharubati.

Loo, Omari! Fomu ngapi umewarudishia watu?

Mkaguzi wa vyakula, yule tuliyemwita Bwana Afya, alikuwa Shabani, mtu wa Tanga, mpole lakini pua yake haidanganyiki. Alifungua chupa moja, akanusa. Akanusa tena. Akachovya kipande cha karatasi, akawasha kiberiti. Karatasi ikashika moto wa buluu.

"Bwana Omari," akauliza taratibu, "sharubati gani hii inayowaka?"

Omari akaitazama karatasi ikiungua.

"Ungeandika kweli ningepiga mhuri hapa hapa. Arki inaruhusiwa. Sheria inataka kilichomo kiandikwe, basi. Ila kilichoandikwa sicho kilichomo, kwa hiyo mzigo unavunjwa. Na unajua nani anavunja."

Alijua. Mwenye mzigo au mtu wake anavunja kwa mkono wake, mkaguzi anashuhudia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja, tena kwa sauti ya juu.

"Tone moja tu, Bwana Shabani. Kwenye pamba. Mama yangu hali chakula."

Shabani alimtazama, na ilionekana wazi kwamba anaumia. "Ndugu yangu, ungekuwa wewe upande huu wa meza, ungenipa?"

Omari akainamisha kichwa. Asingempa.

Wakaenda nyuma ya ghala, kwenye shimo la taka. Omari akapiga moyo konde, akashika nyundo. Chupa ya kwanza, ya pili. Harufu ikapanda mpaka wapagazi wakasimama na magunia ya korosho mabegani, wakauliza nani anaoa leo. Alizivunja moja moja, na kila moja alihisi anamvunjia mama yake. Ya sita ilipasuka vibaya, ikamrukia, ikamlowanisha mkono wa shati mpaka kiwikoni.

Shabani aliona. Akafunga daftari lake. "Nguo ya mtu sina sheria nayo," akasema, akaenda zake.

Omari alifika nyumbani watu wakitoka kuswali alasiri. Sharifa akampokea mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili. "Astaghfirullah! Baba Issa, umekunywa?"

"Sikunywa. Nimemwagikiwa."

"Basi vua! Naleta beseni. Hiyo najisi haiingii ndani kwangu."

Hapo sauti ikatoka chumbani. "Nani huyo aliyeingia?"

Wakatazamana. Omari alipoingia alimkuta mama ameketi. Siku kumi na mbili hakuwahi kuketi mwenyewe.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Bi Mwaisha akaushika ule mkono wa shati, akauweka usoni, akafumba macho. Kisha vidole vyake vikaanza kucheza juu ya kitambaa: kuinua, kubana kwa gumba, kuacha. Kuinua, kubana, kuacha. Omari hakupata kuviona vidole vya mama yake vikifanya kazi hiyo, akashindwa kuzuia machozi.

"Mama, zilikuwa chupa sita. Nimezivunja zote mimi. Niliona haya kuandika pombe mbele ya jina lako, nikaandika sharubati."

Bi Mwaisha akafumbua macho. "Sharubati?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto huyu jamani! Pombe sikuinywa, haya ya nini? Wewe umekwenda kuuweka uongo kwenye jina langu." Akampapasa kichwa. "Kaagize tena, uandike kweli. Nitangoja."

"Utangojaje, mama, na huli?"

Bi Mwaisha akageukia mlangoni, Sharifa alikosimama na beseni. "Uji upo?"

"Upo, mama. Lakini hilo shati, niruhusu kwanza nilifue."

"Sitaswali nalo, mwanangu. Nanusa tu."

Omari akalivua, akamtandikia mapajani, akakaa na fulana kama mtoto aliyeadhibiwa. Sharifa akaleta uji. Mama akala kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika shati. Mwishowe kijiko kikasikika kinakwangua chini ya bakuli.

"Huu," akasema, "una harufu."