Kosa Walilolipenda

Barua pepe ya kwanza ilisema usaili utakuwa na hatua tatu. Nilipofika hatua ya tano niliacha kuzitaja nyumbani, maana mke wangu alikuwa ameshaanza kuuliza kama hawa watu wanatafuta mwandishi wa programu au wanatafuta mchumba.

Cheka utakavyo, mimi nilikuwa na hofu. Kampuni niliyoitumikia miaka tisa ilifungwa ghafla, na huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja naamka, navaa shati, nakaa kwenye meza ya jikoni kama mtu mwenye pa kwenda. Nina miaka arobaini na mitatu, umri ambao katika kazi yetu wanaanza kukuita babu usiposikia. Maombi thelathini na mawili yalikuwa yamepotea hewani bila jibu. Hili la thelathini na tatu ndilo pekee lililoitika, na nilijua nikilikosa sitakuwa na nguvu ya kuanza tena. Hilo sikumwambia mtu.

Hatua ya kwanza, dada wa ajira alinipigia simu akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nilitaka kumjibu najiona nina miaka arobaini na minane, nikajikaza. Ya pili walinipa kazi ya kufanyia nyumbani, wakasema ni ya saa nne. Ilinila siku nne. Ya tatu walinisimamisha mbele ya ubao mweupe, mafundi wawili wenye umri wa mpwa wangu wakiniangalia nikiandika kwa mkono ulioloa jasho. Ya nne ilikuwa chakula cha mchana, "tufahamiane tu," wakasema, nami nikala kama mtu anayehesabiwa matonge. Ya tano sina hamu hata ya kuisimulia.

Siku moja kabla ya hatua ya sita, mke wangu alinisaili jikoni, mwiko mkononi kama kipaza sauti.

"Haya, baba. Tuambie kosa kubwa ulilowahi kufanya kazini."

"Huwa najituma kupita kiasi."

"Toka hapa! Ningekuwa mimi ningekufukuza hapo hapo." Akanigusa kifuani kwa mpini wa mwiko. "Kosa, mume wangu. Kosa la mtu mzima."

Tulicheka wote wawili, mimi kwa kujilazimisha. Kosa la mtu mzima ninalo, moja tu, na mke wangu halijui.

Miaka minne nyuma tulikuwa tunatunza mfumo wa kliniki kumi na moja, ule wa kupanga miadi ya wagonjwa. Aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu tulimwita Kobe, kwa sababu alikuwa anaandika herufi moja, anaitazama, kisha anaandika nyingine. Fundi mzuri, mpole kupindukia. Mchana mmoja kompyuta yangu ilikuwa inajisasisha, imeganda, na mimi nilikuwa na haraka ya kufuta miadi ya uongo tuliyoitumia kwa majaribio. Kobe alikuwa ametoka mara moja. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika amri ya kufuta miadi yote ya mwezi uliofuata, nikabonyeza, nikarudi kwangu. Haikuchukua hata dakika mbili.

Kwenye kompyuta yangu, dirisha ninaloliacha wazi ni la kanzidata ya majaribio, ile hifadhi ya taarifa za uongo. Kwenye ya Kobe lilikuwa la kanzidata halisi, yenye wagonjwa wa kweli. Sikuangalia. Mtu yeyote wa kazi hii akisikia hapo anashika kichwa, kwa sababu wote tumewahi kukaribia kulifanya.

Nilifuta miadi ya mwezi mzima uliokuwa mbele, watu elfu mbili na zaidi. Iligundulika baada ya siku tisa, mwezi huo ulipoanza na wagonjwa wakafika na kuambiwa hawamo. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani, haikusaidia kitu. Wakafungua kumbukumbu za mfumo: amri ilitolewa saa saba na dakika kumi na mbili mchana, kwa jina la Kobe. Nilipoiona ile saa kwenye skrini, nilikumbuka kiti nilichokuwa nimekalia. Nilijua.

Kobe aliitwa mbele yetu. Nilingoja akatae. Angekataa, nilijiambia, ningesema. Yeye akaitazama ile kumbukumbu muda mrefu, halafu akasema, "Sikumbuki, lakini jina ni langu. Nisameheni." Wiki ile ile akaondoka na vitu vyake kwenye boksi. Mimi ndiye niliyemshikia mlango. Nilijiambia nitasema kesho, na ile kesho nikaisogeza mpaka ikaacha kunisumbua kila siku, ikabaki kunisumbua siku moja moja.

Hatua ya sita ilifanyika kwenye chumba cha vioo ghorofani. Iliandikwa kwamba ni ya saa mbili. Ikachukua saa tano nzima. Kulikuwa na chupa ya maji iliyofunguliwa na mtu mwingine kabla yangu, na viti sita, vitatu vyenye watu. Anayeongoza alikuwa mama mmoja mkuu wa mafundi, mwenye miwani aliyoivua kila alipouliza jambo, kwa hiyo kila mkono wake ulipokwenda usoni nilijua swali linakuja.

Baada ya saa tatu akaivua. "Tuambie kosa lako kubwa."

Nikatoa la kwanza nililoandaa, la kuchelewesha toleo jipya la programu ili nimalize majaribio.

"Hiyo ni sifa umeivika nguo za kosa," akasema. "Lingine."

Nikatoa la pili. Akatikisa kichwa hata kabla sijamaliza. Jamaa wa kushoto akaanza kufunga laptopu yake polepole, kile kitendo cha mtu ambaye ameshaamua. Nikamwona mke wangu na mwiko wake. Nikaiona meza ya jikoni, mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Hofu ya kweli ikanishika.

"Tupe lile ambalo ukilikumbuka mpaka leo unakosa raha," akasema yule mama.

Likanitoka. Kanzidata halisi, miadi ya watu elfu mbili, kompyuta ya mwenzangu, jina la mwenzangu. Nililisimulia lote, na sauti ikanitetemeka kwelikweli, wala sikuigiza. Laptopu ya kushoto ikafunguliwa tena.

"Na lilipogundulika," akauliza mama, "ulifanya nini?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. "Nilisimama mbele ya wote nikasema ni mimi."

Kisha yule mama akavaa miwani akaandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza katika saa zote zile. "Unajua ni wangapi wanaokaa kwenye kiti hicho na kutuambia kitu cha kweli?" Wakalipenda kosa langu. Wakaniuliza juu yake nusu saa nzima, nami nikazidi kutia chumvi: jinsi mwenzangu, hata nikamtaja kwa jina, alivyonikumbatia, jinsi bosi alivyonipa mkono. Nilikuwa naelekea mlangoni, najiona nimepona, aliposema kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo:

"Imebaki hatua ya saba, na hiyo haikuhusu wewe. Huwa tunaongea na mtu mmoja aliyekuwepo. Fundi wetu mmoja anamfahamu huyo mwenzako, anasema siku hizi anauza rangi za nyumba. Tutampigia."

Sijui nilishukaje ngazi. Nakumbuka nilisimama barabarani nje ya jengo nimeshika simu, nikitafuta namba ya Kobe, nisiipige. Ningemwambia nini? Nisaidie kudanganya kwamba nilikiri kosa ambalo wewe ulifukuzwa kwa ajili yake?

Siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Kila simu ilipoita nilishtuka mpaka binti yangu akaanza kunitania, anaiga mlio kwa mdomo aone nikiruka. Mke wangu alidhani ni woga wa kawaida wa kusubiri majibu. "Watakuchukua tu," alikuwa ananiambia, "umeshakaa nao kuliko ulivyokaa na wakwe zako." Nilikuwa nacheka nusu, halafu naenda bafuni kunawa uso. Mtu aliyedanganya kwenye usaili hajapoteza kazi ile tu. Mafundi wanajuana, na habari kama hiyo ingenitangulia kila mlango nitakaoubisha.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, namba ya Kobe ikaingia. Nilifunga mlango wa chumba cha kulala, nikakaa sakafuni.

"Kaka," akasema, kwa ule upole wake wa neno moja baada ya jingine. "Wale watu wako wamenipigia. Umewaambia lile la kliniki ni la kwako?"

Niliibana simu sikioni.

"Mwanzo nilikasirika, sikufichi. Nikasema huyu bwana hata kosa langu ananiibia? Halafu nikafikiria. Wamesema una miezi kumi na moja nyumbani, na familia, si mchezo. Nikawaambia ndiyo, ni yeye, na alisimama mbele yetu akasema." Akacheka kidogo. "Nimekudanganyia, kaka. Kesho saa nne asubuhi wanataka niwaandikie hayo hayo kwa barua. Nitaandika. Wewe lichukue tu, mimi halinisaidii kitu."

Nilichotakiwa kusema ni asante. Ningesema asante, kesho saa nne ingepita, na keshokutwa ningeingia kazini. Nililiona lile neno liko tayari kwenye ulimi. Badala yake, kwa kuogopa kulisema, nikamuuliza biashara ya rangi inaendaje.

"Rangi hazinitishi," akasema. "Mtu akipewa rangi siyo, anarudi, tunamchanganyia nyingine. Ila kompyuta ya dukani siigusi, anashika mke wangu." Nikamsikia akivuta kiti. "Unajua, kufukuzwa hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kwamba sikumbuki kuiandika ile amri. Nimejitafuta kichwani miaka minne, sijioni. Sasa mtu anayeweza kufuta watu elfu mbili asikumbuke, kesho si ataacha gesi wazi na watoto wamelala? Ndiyo maana jikoni siingii. Na mlango nikifunga narudi kuukagua mara tatu. Mke wangu ameshazoea."

Nilikuwa nimekaa sakafuni na mgongo kwenye kitanda. Nilikuwa nimeogopa sana katika ule usaili, lakini hofu hii ilikuwa nyingine kabisa. Zile zote nilikuwa naogopa nitakachofanyiwa. Hii niliogopa nilichofanya. Niliogopa pia kesho saa nne, nisijitie ushujaa hapa. Nilifikiria meza ya jikoni hata wakati nafungua mdomo.

"Kobe. Hukuwadanganya," nikasema. "Ni mimi. Kompyuta yangu ilikuwa imeganda. Nilikaa kwenye kiti chako."

Nikasikia kopo likiwekwa chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, tangu nilipoinuka kwenye meza yangu.

"Saa ngapi?"

"Saba na dakika kumi na mbili."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulishuka chini kupokea kifurushi. Ulirudi ukakifungulia mezani. Vilikuwa viatu vya mwanao."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Vya bluu," akasema taratibu. "Vya bluu, vya kamba. Vikambana." Halafu akasema tena, "Rudia." Nikarudia mara ya tatu, na safari hii nilisema na lile la kumshikia mlango siku alipotoka na boksi lake, na kwamba nilijua. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nyuma yake nilisikia makopo yakipangwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini.

"Na kesho?" nikasema, na aibu ya swali hilo ninayo mpaka leo. "Saa nne, utawaandikia nini?"

"Kata simu, kaka," akasema Kobe. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na haraka ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kata. Nataka kumwambia mke wangu kwamba si mimi."